Anna May Wong: Binti wa dobi aliyeuawa kila filamu

Anayependa filamu za upelelezi za zamani, zile za nyeusi na nyeupe, hawezi kukosa kumjua Charlie Chan. Ni kachero Mchina wa Honolulu, mnene, mpole, mwingi wa subira na methali, anayefumbua kesi zilizowashinda polisi wa Kizungu. Filamu zake zilikuwa nyingi na ziliuza vizuri sana katika miaka ya 1930 na 1940. Mimi mwenyewe nimezitazama karibu zote zilizobaki, na sioni haya kusema kwamba nyingine ni tamu.

Lakini hebu tumwangalie aliyekuwa ndani ya ile kanzu ya Kichina. Warner Oland alizaliwa Sweden. Alimwigiza Chan katika filamu 16. Alipofariki mwaka 1938 kazi ikaenda kwa Sidney Toler, Mmarekani mweupe wa Missouri, na Toler alipokufa mwaka 1947 ikaenda kwa Roland Winters, mweupe vile vile. Kachero wa Kijapani, Mr. Moto, aliigizwa na Peter Lorre, mzaliwa wa Austria-Hungary. Kukazuka na kachero mwingine Mchina, Mr. Wong, naye akaigizwa na Boris Karloff wa London, yule yule wa Frankenstein. Wachina waliopata nafasi walikuwa watoto wa Chan, kama Keye Luke aliyecheza mwanawe wa kwanza. Na mtu mweusi aliyepata nafasi, Mantan Moreland, alikuwa dereva ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutoa macho na kukimbia akisikia mlango unalia.

Sasa wako watakaosema labda waigizaji Wachina hawakuweko zamani hizo. Waliweko. Mmoja wao alikuwa na jina kubwa Berlin, London na Paris, na Hollywood, jirani na alikozaliwa, ndiko kulikomnyima. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumze leo.

Jina alilopewa na wazazi ni Wong Liu Tsong. Alizaliwa tarehe 3 Januari 1905 mjini Los Angeles. Baba yake, Mzee Wong Sam Sing, alikuwa dobi. Na nyumba yao, kama nyumba nyingi za madobi, ilikuwa mumo kwa mumo na kazi: mbele nguo za watu, nyuma jamii inayolala, kula na kulea watoto saba. Liu Tsong alikuwa wa pili. Yeye na nduguze walikuwa wakipeleka mafurushi ya nguo kwa wenyewe na kurudi na malipo. Jambo la kushika hapa, kwa sababu litarudi, ni kwamba hata baba yake alizaliwa California, na mama yake pia. Hakuwa mgeni Marekani. Hata hivyo sheria ya mwaka 1882 iliyowazuia Wachina kuingia nchi ile ilikuwa ingali na nguvu, na Mchina aliyezaliwa papo hapo, akitaka kusafiri nje, ilimbidi kwanza ajaze karatasi za kuthibitisha kwamba ana haki ya kurudi kwao. Wasomaji wa Pwani waliowahi kuambiwa walete cheti cha babu ndipo wapewe kitambulisho hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Shuleni alitaniwa na kuvutwa nywele mpaka wazazi wakamhamisha, wakampeleka shule ya misheni ya watoto wa Kichina. Zama hizo watengenezaji filamu walikuwa wakija mtaa wa Wachina kupiga picha, na yeye alikuwa hakosi, amesimama pembeni, anatazama. Pesa za chakula cha mchana zikawa zaishia sinema. Baba hakupenda kabisa. Kwake yeye mwana wa kike kujionyesha mbele ya kamera hakukuwa jambo la watu wa heshima. Ukweli ni kwamba hata hapa petu, leo hii, baba wengi wangesema vivyo hivyo, kwa hivyo simlaumu. Lakini mtoto alikuwa ameshaamua. Mwaka 1919, akiwa na miaka 14, alipata nafasi ya kubeba taa katika filamu ya The Red Lantern, mmoja kati ya mamia ya Wachina waliokodiwa kujaza uwanja. Kazi yake ya filamu ikaanza hapo.

Akiwa na miaka 17 akapewa uigizaji mkuu katika The Toll of the Sea ya mwaka 1922, mojawapo ya filamu za kwanza kabisa za rangi. Anacheza msichana Mchina anayempenda Mmarekani, anazaa naye, anaachwa, anamtoa mtoto kwa mke wa Kizungu, kisha anajitosa baharini. Nakuomba msomaji uushike mwisho huo, kwa sababu utauona tena na tena. Alicheza vizuri mno. Machozi yake yalikuwa ya kweli na magazeti yalimsifu. Ungetaraji binti huyo aliyebeba filamu nzima akiwa bado mdogo angeitwa siku ya pili apewe nyingine. Hakuitwa.

Alichopata mwaka 1924 ni sehemu ndogo ya mtumwa wa Kimongolia katika The Thief of Bagdad, filamu kubwa ya Douglas Fairbanks. Hii nataka niitaje kidogo kwa sababu sisi watu wa Pwani tumekua na hadithi za Alfu Lela Ulela. Ni Baghdad nzima, khalifa na wezi na majini, bila ya Waarabu wa kuonekana. Mwana wa mfalme wa Uajemi, pamoja na masharubu yake, aliigizwa na mwanamke wa Kifaransa! Anna May yumo kwa dakika chache, nguo zenyewe chache, anamfanyia khiana binti mfalme. Zilitosha dakika hizo kumfanya ajulikane dunia nzima, na zilitosha pia kumpa sifa itakayomfuata: mwanamke wa Kichina ni nyoka.

Tangu hapo alikuwa na njia mbili tu. Ama awe maua, yule binti mpole anayependa Mzungu na kufa. Ama awe nyoka, yule mjanja anayeua na kufa. Kufa kulikuwa lazima katika zote mbili. Sababu haikuwa siri: sheria ya California, iliyosimama hadi mwaka 1948, ilikataza ndoa kati ya mweupe na watu wa asili ya Asia, na kanuni za maadili za Hollywood, zilizoandikwa mwaka 1930 na kuanza kutumiwa kwa ukali mwaka 1934, zilikataza mapenzi ya rangi mbili kwenye skrini. Waandishi wa hadithi walikuwa wakitaka yale mapenzi, kwa sababu yaliuza tiketi, lakini hayakuweza kuruhusiwa kufika popote. Basi wakawa wanammaliza yeye. Maji, risasi, sumu, kisu. Na kwa vile mhusika mkuu mwanamume alikuwa mweupe daima, hata pale alipoitwa Mchina, mwanamke Mchina hakuwa na mtu wa kumwoa mwisho wa hadithi.

Mwaka 1927 aliingia katika The Chinese Parrot, moja ya filamu za mwanzo za Charlie Chan, ambayo nakala yake imepotea. Mwaka uo huo katika Mr. Wu msichana mkuu wa Kichina aliigizwa na Mfaransa, na Anna May akawa wa kando yake. Mwaka 1928 akachoka, akafunga mizigo, akapanda meli kwenda Ulaya.

Ujerumani walimpokea kama malkia. Alijifunza Kijerumani akakimudu, na Kifaransa pia. London akaigiza Piccadilly, filamu ya mwaka 1929 ambayo kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote alizofanya. Anacheza Shosho, mwosha vyombo jikoni mwa klabu ya usiku, anayekamatwa akicheza ngoma juu ya meza huku wenzake wamesimama wanamtazama. Anapelekwa jukwaani, na mji mzima unamfuata. Filamu haina sauti. Tazama macho yake anapojadili mshahara na bwana wa klabu: hapigi magoti, hatabasamu, anataja anachotaka na kungoja. Na bado anauawa mwisho. Mwaka huo huo alipanda jukwaa la London pamoja na Laurence Olivier, wakosoaji wakamcheka kwa lafudhi yake ya California, naye akalipa mwalimu akafundishwa Kiingereza cha mabwana.

Sasa tufike mwaka 1931, ambao naona ndio ufunguo wa kisa chote. Kampuni ya Paramount ilimrudisha Marekani, ikampa Daughter of the Dragon. Ni filamu ya upelelezi iliyotokana na hadithi za Fu Manchu, yule Mchina mwovu aliyebuniwa na mwandishi Mwingereza, anayetaka kuiteka dunia. Anna May ni binti yake, mchezaji ngoma mwenye jina London, anayerithishwa kisasi cha baba yake kabla baba hajakata roho. Kachero ni Mchina pia, safari hii akichezwa na Mjapani halisi, Sessue Hayakawa, ambaye kabla ya 1920 alikuwa mmoja wa nyota wakubwa wa Hollywood. Na Fu Manchu je? Warner Oland. Yule yule wa Sweden, ambaye mwaka uo huo alianza kuwa Charlie Chan. Yaani Mchina mwema kuliko wote na Mchina mwovu kuliko wote, katika mwaka mmoja, walikuwa mtu mmoja, naye si Mchina.

Malipo yanasema zaidi yangu. Oland, anayekufa mapema katika filamu ile na kuonekana kwa dakika 23 tu, alilipwa dola 12,000. Hayakawa alilipwa 10,000. Anna May, ambaye filamu ni yake na jina la filamu ni lake, alilipwa 6,000. Mwaka uliofuata katika Shanghai Express alilipwa 6,000 tena, na Marlene Dietrich zaidi ya 78,000. Sikatai kwamba Dietrich alikuwa nyota mkubwa. Lakini itazameni filamu ile. Ni garimoshi lililotekwa China wakati wa vita, na mkuu wa majeshi mwovu (Oland tena, ndugu zangu) anamdhulumu Anna May usiku. Anayechukua kisu na kummaliza, na kuwaokoa abiria wote, ni yeye. Amekaa kimya filamu nzima, anavuta sigara, anacheza karata peke yake, na jicho la mtazamaji haliwezi kumwacha.

Katika mwaka 1933 akacheza filamu ya Sherlock Holmes, A Study in Scarlet, na jina lake likawekwa juu ingawa anaonekana kwa muda mchache. Sura yake ilivuta watu kwenye milango ya sinema. Kampuni ziliijua thamani hiyo na kuitumia, ila hazikutaka kumlipa wala kumpa nafasi yenyewe.

Kisha ikaja The Good Earth. Kitabu cha Pearl Buck kuhusu wakulima wa China kilikuwa kimepata sifa kubwa, na kampuni ya MGM ikaamua kukifanya filamu. Kama palikuwa na sehemu moja duniani iliyomngoja Anna May ni ile ya O-Lan, mke wa mkulima, mwanamke wa kazi na subira. Aliitaka waziwazi. MGM ilimchagua Paul Muni, mzaliwa wa Ulaya Mashariki, kuwa mume. Na mume akishakuwa mweupe, mke Mchina angekuwa ni ule mchanganyiko uliokatazwa, hata kama hadithini wote ni Wachina. Sehemu ya O-Lan ikaenda kwa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, naye akashinda Oscar. Anna May alifikiriwa kwa sehemu ya Lotus, mke wa pili anayeivuruga nyumba. Akakataa. Hakuona kwa nini Mchina pekee katika wakubwa wa filamu ile awe ndiye mbaya wa filamu. Naona huo ndio uamuzi mgumu kuliko wote aliopata kufanya, kwa sababu mwigizaji anayekataa kazi ya MGM mwaka 1935 alikuwa anajua anakataa nini.

Januari 1936 alipanda meli kwenda China, mara ya kwanza maishani. Baba yake alikuwa amesharudi kijijini kwa wazee wake upande wa Taishan, kusini. Na huko ndiko alikokutana na jambo ambalo nadhani lilimuuma kuliko Hollywood. Magazeti na wakubwa wa serikali ya China walimwambia ameliaibisha taifa kwa zile filamu za nyoka na makahaba. Huko Hong Kong wako waliompokea kwa kelele za kumkataa. Hakujua Kichina cha wasomi, ilibidi atafute mwalimu. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa ya kusini. Marekani alikuwa Mchina mno. China alikuwa Mmarekani mno.

Hapa nina neno. Sisi pia tuna waigizaji wetu. Katika tamthilia za runinga za nchi hii mtu wa Pwani mara nyingi ni mvivu wa barazani, au mganga, au ni yule bibi wa buibui mwenye majini, na Kiswahili anachowekewa mdomoni hakuna mji wa Pwani kinakosemwa. Kijana wetu akiitwa kwenda kucheza jini, akaenda kwa sababu kodi ya nyumba yamsubiri, sisi humsema yeye. Aliyeandika jini lile hatumjui hata jina. Waliomlaumu Anna May hawakuwa waongo. Filamu zile zilikuwa mbaya kwa Wachina, na Shanghai Express ilichukiza watu wengi China kwa haki. Lakini lawama iliangukia kwa mtu mmoja ambaye hakuandika, hakuongoza wala hakumiliki hata mita moja ya ule mkanda.

Alirudi Marekani mwisho wa mwaka 1936, na kilichofuata ni kipindi ambacho wengi hukipita haraka, mimi nakipenda. Paramount ilimpa filamu kadhaa ndogo, zile za bei rahisi zinazoonyeshwa kabla ya filamu kubwa. Kwa kuwa zilikuwa ndogo, wakubwa hawakuziangalia sana, na yeye akapata humo alichokosa kwenye kubwa. Daughter of Shanghai, iliyotoka Desemba 1937, ni hadithi ya upelelezi: mzee Mchina mwenye duka la vitu vya kale San Francisco anakataa kununua watu wanaoingizwa nchini kwa magendo, anauawa, na binti yake anaamua kuwatafuta wauaji mwenyewe. Anajigeuza mchezaji ngoma na kuingia katika kambi ya wahalifu. Kachero wa serikali anayefuatia kesi ile ni Philip Ahn, Mkorea mzaliwa wa Los Angeles aliyejuana naye tangu utotoni. Hakuna Mzungu aliyebandikwa macho. Na mwisho, sikilizeni, hafi! Kachero anamposa. Wahalifu wakubwa, wanaoonekana watu wa heshima mjini, ni weupe. Mwaka 2006 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa.

Mwaka 1939 katika King of Chinatown akawa daktari wa upasuaji. Daktari! Miaka 15 baada ya mtumwa wa Baghdad. Wakati wa vita vya Japani na China alichangisha fedha bila kuchoka, na malipo ya filamu zake mbili za mwaka 1942 aliyatoa kwa misaada ya China. Sheria ile ya 1882 ilifutwa mwaka 1943.

Baada ya hapo kazi zikapungua, ugonjwa na pombe vikaingia. Lakini mwaka 1951 kituo cha televisheni cha DuMont kilimpa kipindi chake, The Gallery of Madame Liu-Tsong. Anacheza mwenye nyumba ya sanaa anayefumbua kesi za wizi na mauaji. Kachero Mchina, hatimaye, aliyeigizwa na Mchina, tena mwanamke, tena kwa jina lake mwenyewe alilopewa na baba yake dobi. Ndicho kipindi cha kwanza cha televisheni ya Marekani kuongozwa na mwigizaji wa asili ya Asia. Kilidumu vipindi kumi. Hakuna nakala hata moja inayojulikana kubaki.

Mwaka 1960 alionekana katika Portrait in Black, filamu ya mauaji ya Lana Turner, akiwa mtumishi wa nyumba. Mwaka huo akapewa nyota yake katika njia ya miguu ya Hollywood. Alikuwa ameandaliwa nafasi katika Flower Drum Song, filamu ya kampuni kubwa iliyojaa waigizaji wa asili ya Asia. Tarehe 3 Februari 1961 moyo ulisimama akiwa nyumbani kwake Santa Monica, umri miaka 56. Hakupata kuolewa. Alizikwa Los Angeles karibu na mama yake. Ile nafasi aliyoandaliwa ilichezwa na Juanita Hall, mwigizaji mweusi wa Marekani.

Oktoba 2022 serikali ya Marekani ilitoa sarafu ya senti 25 yenye sura yake, kidevu juu ya mkono, taa za sinema zikimzunguka. Anayetaka kumtazama mwenyewe aanze na Piccadilly, kisha Daughter of Shanghai, ambayo haizidi saa moja na dakika chache. Filamu za Charlie Chan zaweza kungoja.